Nani Amevaa Koti la Baba

Kamera yangu ilikuwa plastiki tupu kama kopo la mafuta ya kujipaka, na niliipata bila kutoka nyumbani, kama ninavyopata vitu vyangu vingi. Binamu yangu, aliyekuwa akienda Dar na kurudi na mali za dukani, aliniletea akaapa kwamba ni ya Kijapani. Miaka baadaye ilianguka ikapasuka, nikakuta ndani kipande cha chuma ambacho hakikushikana na kitu chochote. Kazi yake ilikuwa kutia uzito tu, mnunuzi akiipima mkononi asijione mjinga. Nilikaa kitako nikakitazama. Mpaka leo sijui kama nilipaswa kumkasirikia binamu au kumpongeza aliyebuni.

Lakini kabla haijapasuka ilinifaa sana, maana ilitengenezwa kwa ajili ya wavivu. Haikuwa na kitu cha kuzungusha wala cha kupima, ila kile cha kusogeza mkanda. Ukiwa na jua na kidole, wewe ni mpiga picha. Wenzangu wa mjini walitembea na makamera yao mazito shingoni, harusi hii, maulidi yale, Idd ufukweni mpaka miguu inavimba. Mimi nilikaa kwenye baraza ya nyumba yetu Likombe, nikangoja wateja waje. Asubuhi niliwasimamisha ukuta wa mbele, alasiri ukuta wa nyuma, basi, hiyo ndiyo studio. Niliwakata miguu karibu wote. Majirani walikuwa wanaambiana, "Kama umenunua viatu vipya, usiende kwa yule." Watoto waliokuja mikono mitupu niliwapigia hewa: flashi inawaka, mkanda hausogei, nao wanaondoka wanacheka. Kama kuna anayesoma hapa, anisamehe. Picha yako haikuwahi kuwepo.

Sasa nishikeni hapa kwenye mkanda, kwa sababu ndio ulionifikisha nilipofika. Mkanda ulikuwa na picha ishirini na nne, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyepeleka mkanda kusafishwa kabla haujaisha. Ulikaa ndani ya kamera mpaka zitimie. Mkanda mmoja uliweza kuanza Idd ndogo ukaisha Idd kubwa, na humo ndani wakakaa pamoja bibi harusi, mtoto wa jirani aliyeota meno, na mbuzi ambaye mwenyewe alitaka kumtangaza auzwe.

Baba hakupenda picha. Picha yake pekee ilikuwa ile ndogo kwenye kadi ya chama cha msingi, alipokuwa akipeleka korosho zake, na kadi hiyo ililiwa na mchwa. Alasiri moja, sijui kilichompanda kichwani, akatoka chumbani amevaa koti lake la kahawia, kofia ya viua na miwani. Akakaa kwenye kiti chake cha mikono pale mlangoni, akapakata redio.

"Piga upesi," akasema, "kabla sijaghairi."

Nikapiga mbili, mkanda ukiwa bado mpya. Hakucheka hata moja. Aliponiona nasogeza mkanda kwa mara ya tatu akainuka akaenda zake.

Wiki sita baadaye akafariki. Kwa desturi yetu hatulazi maiti, tukamzika siku ileile. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Newala, na mwaka ule mvua ilikuwa haina huruma. Gari lililombeba lilinasa kwenye mteremko, akafika kesho yake adhuhuri, gauni limejaa tope mpaka magotini. Hakuuliza baba alikufaje. Aliuliza, "Mmeshamzika?" Kisha akaingia ndani kwa wanawake, akageukia ukuta.

Mama alikwishatangulia zamani. Kwa hiyo, ukinitoa mimi, mtu wa kumuaga alikuwa mmoja tu, naye alimkosa kwa siku moja.

Siku ya kumaliza matanga akatokea mtani. Kwa watu wa kwetu msiba usio na mtani ni kama chai isiyo na sukari, inanyweka lakini kwa taabu. Mtani wetu alikuwa mpakiaji wa magunia bandarini, mtu wa kimo cha baba, mwembamba kama baba, na mkorofi kuliko baba mara saba. Aliingia chumbani bila kuomba ruhusa. Alipotoka alikuwa amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu na miwani ya marehemu. Akakaa kwenye kiti kilekile, akapakata redio, akakohoa kile kikohozi cha baba cha kukatakata. Halafu akaanza kumuuliza kila aliyepita swali ambalo baba alimuuliza kila mtu tangu nipate akili, kiangazi na masika: "Mvua huko kwenu?"

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, na machozi yenyewe yakasahau yametoka kwa sababu gani. Mimi nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka, nikajificha nyuma ya kamera. Mkanda ulikuwa uleule, na picha kama tatu zilizobaki. Nikabonyeza, nadhani mara mbili. Mtani alipoona kamera akanyamaza, akakaza uso kama baba.

Jioni akaondoka na koti. Ni haki yake, watani huchukua. Kofia na miwani alirudisha, akisema havimtoshi kichwa chake chenye akili.

Mkanda niliupeleka studio mjini. Kati ya picha ishirini na nne zilitoka tano. Nyingine ziliungua, kwa sababu kabla ya kuupeleka nilifungua mfuniko wa nyuma kidogo tu nione kama umeisha kweli. Katika hizo tano, moja ilikuwa ya mtu aliyevaa koti, amekaa kwenye kiti cha mikono, amepakata redio. Miwani imepigwa na mwanga, macho yamekuwa sahani mbili nyeupe. Mstari mwekundu wa mwanga uliovuja umepita mdomoni. Pembeni kote ni ukungu, maana kile kioo cha plastiki kiliona katikati tu. Miguu haipo, hilo mmeshalijua.

Wakati ule sikuwa na shaka yoyote. Ni baba, nani mwingine? Nikaitia kwenye fremu nikaitundika.

Miaka kama kumi ikapita, mtani akaja siku ya Idd. Akasimama mbele ya picha, pilau mdomoni, akasema, "Bado mmeniweka ukutani tu? Watu wazuri nyie."

Nikacheka. Halafu nikaitazama picha, kicheko kikakwama. Tangu siku hiyo sikuwa na amani na ukuta wangu mwenyewe.

Mwenye akili ataniuliza negativu ziko wapi, maana negativu zina namba, na namba ingesema ni ya mwanzo au ya mwisho. Ni swali zuri. Mwaka ule jua lilipopatwa, watoto wa mtaa mzima walitafuta kitu cheusi cha kulitazamia. Mimi, niliyemaliza kidato cha nne na kusomeshwa fizikia, niliingia ndani nikatoa negativu zangu zote, nikazikata vipandevipande kwa mkasi nikawagawia. Nilijiona mwanasayansi. Baadaye niliambiwa kwamba hata kwa macho yao haikuwa salama. Kwa hiyo baba yangu, au mtani, alitumika kutazamia jua kisha akatupwa mtaroni.

Niliishi hivyo hivyo, ninapita mbele ya picha upande upande, mpaka mwaka jana dada aliponitumia ujumbe wa sauti.

"Mdogo wangu, sebule imeisha. Nimepiga rangi. Ukuta unaotazamana na mlango nimeuacha mtupu, ule ni wa baba. Nenda kaikuze picha yake, iwe kubwa kama dirisha. Jumamosi nakuja kuichukua. Sikumuona anaondoka, basi angalau nimuone kila ninapoamka. Na usiniambie umechoka, wewe hujawahi kufanya kitu cha kukuchosha."

Nikausikiliza mara nne. Kumpelekea dada picha ya mtani, naye aiamkie kila siku akidhani ni baba, hilo nisingeweza kulimeza. Kumwambia kwamba huenda hana picha ya baba kabisa, hilo nalo lilinishinda. Nikafanya ninachofanya nikishindwa: nikalala. Nilipoamka, Jumamosi ilikuwa bado ipo, na imekaribia.

Nikaenda mjini. Studio ile iliyosafisha mkanda wangu siku hizi inachapa kadi za harusi na fulana. Mashine ya kusafishia ilikuwa bado kwenye kona, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chombo cha maua ya plastiki. Mwanamke wa kaunta alinitazama nilipotaja mkanda, kama mtu aliyeulizwa bei ya punda.

"Kaka, hiyo mashine ilikufa kabla sijaajiriwa. Lete hiyo picha niipige kwa simu, nikukuzie. Nikung'arishie na sura?"

"Inawezekana?"

"Dakika moja."

Dakika ikaisha, akanigeuzia kioo. Alikuwepo mwanamume mwenye ngozi kama papai bivu, meno yote mdomoni, macho maangavu nyuma ya miwani, na redio imegeuka kitu kama mkate wa boflo. Angeweza kugombea udiwani.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Baba yako."

"Umemjuaje?"

"Si umesema wewe mwenyewe?"

Nilikwenda na watu wawili, sasa nina watatu. Nikamwambia aikuze ileile yenye ukungu. Akanionea huruma, akaikuza.

Ikabaki njia moja. Kutoka kwangu mpaka kwa mtani ni robo saa ya bajaji, nami sikuwa nimekanyaga kwake miaka mitatu. Nilimkuta uani anabangua korosho, nyingine anazitafuna.

"Nani kafa?" akauliza aliponiona.

"Hajafa mtu, mtani."

"Basi umefuata nini? Wewe hutoki nyumbani ila kwa jeneza."

Nikampa picha ndogo, ya kwenye fremu. Akafuta mikono, akaishika mbali, akaishika karibu.

"Mzuri huyu. Ni mimi."

"Una hakika?"

"Tazama bega. Hilo ni bega la magunia."

"Hata baba alikuwa na bega. Alilima miaka arobaini."

"Basi ni yeye. Bega la jembe."

"Mtani, nakuomba. Leo usinitanie."

"Unaniomba nisiwe mtani? Nisipokuwa mtani, mimi na wewe tunajuana wapi?"

Nikamweleza habari ya dada. Nikamweleza ukuta. Nilipofika kwenye maneno yale ya kumuona baba kila anapoamka, akaacha kutafuna. Akaigeuza picha kwenye jua, akaikwaruza kwa ukucha pale penye mstari mwekundu, kana kwamba mdomo uko chini yake.

"Siku ile," akasema, "nilipoona kamera nilikaza uso, maana mzee hakuwa mtu wa kucheka kwenye picha. Nilimuiga vizuri mno. Ningemkosea hata kidogo, leo ungejua."

Sikuwahi kumsikia akisema sentensi ndefu kama hiyo bila kunitukana ndani yake. Ilinitisha.

"Koti unalo?" nikauliza.

"Lipo. Nalivaa kwenye baridi ya mwezi wa saba."

Basi nikapata wazo, na mawazo yangu ndiyo haya haya mnayoyajua. Nikamwambia aje Jumamosi asubuhi, kabla dada hajafika, na koti lake. Akae kwenye kiti kilekile, mlango uleule, nami nishike picha pembeni yake nilinganishe goti kwa goti, mkono kwa mkono.

"Na chakula?"

"Nitachemsha mizizi ya ming'oko."

"Na pweza."

"Na pweza."

Alikuja mapema, koti limevaliwa tayari tangu kwake, watu wa kwenye bajaji wamemshangaa. Nikampa kofia na miwani, vilikuwa kwenye sanduku. Nikampa redio, nyingine, ya kwanza iliharibika. Akakaa. Nikaishika ile picha kubwa nikarudi nyuma hatua tano, nikatazama huku, nikatazama kule.

Kitu ambacho sikukipigia hesabu ni kwamba mtani amezeeka. Leo amempita baba umri aliofia. Shingo imelegea, koti limekuwa kubwa, mkono juu ya redio unatetemeka kidogo. Aliyekaa pale mlangoni alifanana na baba kuliko yule wa kwenye picha. Nilisogea kulia, nikasogea kushoto. Nikachutama. Nikajaribu hata kufumba jicho moja, kama mafundi wa kamera nzito. Kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyozidi kupotea, mpaka nikaanza kutilia shaka kama baba mwenyewe alifanana na baba.

"Vipi?" mtani akauliza bila kufungua mdomo. "Ni mimi?"

"Nyamaza kwanza."

Sikusikia bajaji. Nilisikia kuku. Nilipogeuka dada alikuwa amesimama uani, begi begani, kuku kafungwa miguu anamning'inia mkononi. Alipaswa kufika saa saba, na ilikuwa bado saa nne. Alikuwa anatazama mlangoni.

Nilitaka kusema kitu. Dada, huyu ni mtani, si unamkumbuka mtani. Lakini mtani, nadhani kwa mazoea tu, kwa sababu alikuwa amevaa na mgeni amefika, akakohoa kile kikohozi cha kukatakata akasema:

"Mvua huko kwenu?"

Uani palikuwa na jua la kuanika muhogo. Dada akamlaza kuku chini taratibu.

"Inanyesha, baba."

"Barabara?"

"Imeharibika. Gari limenasa mteremkoni tangu jana. Tumesukuma wote, hata wanawake. Halikutoka. Nimetembea kwa miguu mpaka nikapata lori la muhogo, nimekaa juu ya magunia, nimenyeshewa. Sikulala, baba. Nilikuwa nakuja. Nimefika wakaniambia wameshamzika." Akasita. "Wameniambia umeshazikwa."

Mtani ni mtu ambaye nimemsikia akimjibu imamu, akimjibu askari, akiwajibu makuli wanane kwa wakati mmoja. Alinitazama kana kwamba mimi ninayo karatasi yenye jibu. Mimi nilikuwa na picha kubwa kama dirisha mikononi, nimeishika kama ngao, na sikujua niiweke wapi.

"Umekula?" akauliza hatimaye.

Hilo halikuwa la baba. Baba hakuwahi kumuuliza mtu kama amekula. Hilo lilikuwa la mtani mwenyewe, ingawa sauti ilikuwa bado ya baba.

"Sijala," dada akasema.

"Kuna ming'oko. Huyu goigoi kachemsha."

Dada akacheka, kicheko kikatokea puani pamoja na vitu vingine, akajifuta kwa khanga. Akaja akakaa kwenye mkeka, karibu na miguu ya kile kiti, naye mtani hakuvua koti. Tulikula hivyo. Dada akawa anammenyea ming'oko mmoja mmoja, na mtani akala ameinamia sahani.

Tulipomaliza pweza nikamwambia dada habari yote. Mkanda, mfuniko, jua kupatwa, kila kitu. Alisikiliza akiwa ameiegemeza picha kubwa ukutani.

"Kwa hiyo hujui," akasema.

"Sijui."

"Na wewe ndiye uliyepiga."

"Ndiyo, dada."

"Mara zote mbili."

"Mara zote mbili."

Akamgeukia mtani. "Na wewe?"

"Mimi nilikuwa ndani ya koti. Ningejionea wapi?"

Akaitazama picha muda mrefu, kichwa upande huu, kichwa upande huu mwingine, kama nilivyofanya mimi. Nilidhani atalia. Nilijiandaa kutukanwa, maana ni haki yake.

"Hii kaa nayo," akaniambia. "Sitamtundika mtu nisiyemjua sebuleni kwangu." Halafu kwa mtani: "Vua."

"Nivue nini?"

"Koti la baba."

"Koti la utani halivuliwi bure, mama. Waulize wakubwa zako."

Dada akamchukua kuku akamtua mapajani kwa mtani. Mtani akampapasa kifua, akalalamika kwamba huyu kuku kaletwa kwa miguu kutoka Newala, amebaki mifupa, akauliza kama alinasa mteremkoni na yeye. Ndipo dada akacheka vizuri. Mtani akasimama, akavua mkono mmoja, akavua wa pili, akabaki na fulana iliyotoboka, mdogo ghafla. Dada akakung'uta mifuko, yakatoka maganda ya korosho. Akalikunja koti akalitia begini. Asubuhi akaondoka.

Wiki iliyofuata akanitumia picha kwa simu. Ukuta wa rangi ya maziwa, msumari mmoja, koti. Simu yake ni nzuri, kila kitu kinaonekana: vifungo vinne, kimoja si cha asili, na nyuzi zinazochomoza kwenye kola. Nimelitazama koti hilo nikalikuza kwa vidole viwili mpaka likawa nukta. Hakuna aliyelivaa.

Yule wa ukungu nimebaki naye, mkubwa kama dirisha, anatazamana na kitanda changu kwa sababu ukuta mwingine hautoshi. Kila nikiamka namuamkia shikamoo. Yeyote aliyekaa pale amenizidi umri, kwa hiyo hapo angalau sikosei.